Norwei kwa Reli na Meli: Safari Iliyochorwa na Barafu

Norwei ni nchi ndefu na nyembamba iliyojinyoosha kando ya bahari, ambayo kutoka Lindesnes, ncha yake ya kusini, hadi Nordkapp kwenye ukingo wa kaskazini ina urefu wa takriban kilomita 1,750, ilhali karibu na Tysfjord nchi kavu iliyopo kati ya maji ya chumvi na mpaka wa Sweden ina upana wa kilomita 6 na ushei tu. Msafiri anayekusudia kuipitia nchi hii kwa urefu wake bila kupanda ndege hulazimika kuunganisha vyombo viwili, yaani treni kutoka Oslo hadi mji wa Bodø, kisha meli ya pwani kutoka Bodø hadi Kirkenes, jirani na mpaka wa Urusi. Mahali reli inapokoma na meli inapopokea hapakuchaguliwa kiholela, kwa kuwa umbo la ardhi yenyewe, lililochongwa na barafu kwa maelfu ya miaka, ndilo lililoamua kila chombo kitafika wapi.

Umbo hilo hutawaliwa na fiodi, ambazo ni mikono mirefu ya bahari inayopenya ndani ya nchi kavu kati ya kuta za milima. Katika enzi za barafu, barafuto, yaani matandiko mazito ya barafu yanayoteleza taratibu kwa uzito wake yenyewe, yalishuka kuelekea baharini kwa kufuata mabonde ya mito, yakayapanua na kuyachimba hadi chini sana ya usawa wa bahari, na yalipoyeyuka maji ya chumvi yakaingia na kuyajaza. Sognefjord, iliyo ndefu kuliko fiodi zote za Norwei, hupenya bara zaidi ya kilomita 200, na kina chake hufikia takriban mita 1,300. Hata hivyo mlangoni mwake maji ni ya kina kidogo zaidi, kwa sababu barafuto lilipokaribia bahari lilipungua unene na kupoteza nguvu ya kuchimba. Ndiyo maana meli kubwa huweza kusafiri ndani kabisa ya milima, huku mjenzi wa reli akikuta njia yake imekatwa na maji kila baada ya mwendo mfupi.

Sehemu ya kwanza ya safari, kutoka Oslo hadi Trondheim, hufuata bonde refu la Gudbrandsdalen kabla ya kupanda uwanda wa juu wa Dovrefjell, na reli hiyo, iliyokamilishwa mwaka 1921, hufikia kimo cha mita 1,024 katika stesheni ya Hjerkinn. Mabonde ya upande huu ni mapana na miteremko yake si mikali, hivyo wajenzi waliweza kuifuata ardhi badala ya kupigana nayo, na msafiri huona mashamba na misitu ya misonobari ikififia polepole hadi kubaki nyasi fupi na mawe.

Kutoka Trondheim huanza reli ya Nordland, yenye urefu wa kilomita 729, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote nchini na huchukua takriban saa 10. Ujenzi wake ulikwenda kwa vipande: ilifika Mosjøen mwaka 1940, ikafika Mo i Rana mwaka 1942, na Bodø ikafikiwa mwaka 1962. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Ujerumani, lililokuwa likiikalia Norwei, liliharakisha kazi hiyo kwa kuwatumikisha kwa nguvu wafungwa wa vita, wengi wao kutoka Umoja wa Kisovieti na Yugoslavia, na idadi kubwa ya wafungwa hao walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na mateso. Msafiri anayestarehe dirishani katika mlima wa Saltfjellet anastahili kulijua jambo hilo, kwa sababu uzuri wa njia hauwezi kutenganishwa kwa haki na gharama iliyolipwa na walioijenga. Hapo hapo mlimani treni huvuka Duara ya Aktiki, mstari wa kufikirika ulio karibu na latitudo ya nyuzi 66.5 kaskazini, ambao kuanzia hapo kuna walau siku moja kwa mwaka jua lisipotua kabisa, na nyingine lisipochomoza.

Baada ya Bodø hakuna reli inayoendelea kaskazini. Narvik, mji unaofuata wenye reli, umeunganishwa na Sweden tu, kwa njia iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kusafirisha madini ya chuma kutoka Kiruna. Kati ya miji hiyo miwili imelala Tysfjord, iliyoikata nchi karibu yote, kiasi kwamba hata barabara kuu, E6, huivuka kwa kivuko. Kuipitisha reli hapo na kuifikisha Tromsø kungehitaji mahandaki na madaraja mengi mno, na kwa miongo mingi hoja ya kujenga au kutojenga imerudi tena na tena katika siasa za nchi hiyo.

Pengo hilo lilikwisha kuzibwa na bahari muda mrefu kabla reli haijafika Bodø. Katika karne ya 19 barua kutoka Trondheim kwenda Hammerfest iliweza kuchukua wiki 3 wakati wa kiangazi na miezi 5 wakati wa baridi, kwa kuwa manahodha waliogopa kusafiri gizani katika maji yaliyojaa miamba na yenye minara michache ya taa. Nahodha Richard With, akisaidiwa na rubani wake Anders Holthe, alirekodi kwa uangalifu mielekeo, kasi na muda wa kila kipande cha njia, akaweza kuongoza meli usiku kwa dira na saa. Mwezi Julai 1893 meli yake, Vesteraalen, ilianza huduma hiyo kwa mkataba wa serikali na kuifikia Hammerfest kwa chini ya siku 3. Leo njia hiyo huanzia Bergen na kutia nanga katika bandari 34, na tangu mwaka 2021 mkataba wake umegawanywa kati ya kampuni mbili, Hurtigruten na Havila, zinazobeba watalii, wenyeji wanaotoka bandari moja kwenda nyingine, na shehena.

Kutoka Bodø meli huvuka mlangobahari wa Vestfjorden hadi visiwa vya Lofoten, ambako samaki wanaovuliwa mwishoni mwa majira ya baridi huanikwa juu ya vichanja vya miti bila chumvi, wakakauka kwa upepo na kuwa ng'onda ngumu inayouzwa hadi Italia na Nigeria. Kisha hupita mkondo mwembamba wa Raftsundet, ikaendelea hadi Tromsø, Hammerfest na Honningsvåg, na kufika Kirkenes baada ya siku 3 hivi. Bandari hizi hazigandi mwaka mzima, kwa sababu mkondo wa bahari unaotoka upande wa tropiki huleta maji ya vuguvugu kando ya pwani, na bila mkondo huo huduma ya mwaka mzima isingewezekana.

Majira hubadilisha safari hii kabisa. Huko Tromsø jua halitui kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi 22 Julai, na halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, ingawa kipindi hicho cha giza hutoa nafasi ya kuona mianga ya Aktiki, inayotokea pale chembechembe kutoka kwenye jua zinapogongana na gesi za anga la juu. Anayependa kukamilisha mzunguko anaweza kurudi kwa meli hadi Bergen kwa siku 5 zaidi, kisha akapanda treni ya mlimani inayopita Finse, stesheni iliyo kwenye kimo cha mita 1,222 na isiyofikiwa na barabara, hadi Oslo.

Safari hii husifiwa zaidi kwa mandhari, na sifa hiyo ni ya haki, lakini thamani yake kubwa imo katika ukweli kwamba treni na meli hizo ni usafiri wa umma kabla ya kuwa burudani. Taifa lililokatwakatwa na barafu kiasi hiki lilikubali kugharamia chombo kinachowafikia watu wachache walio mbali, katika giza na dhoruba, kwa ratiba ile ile wanayoitegemea walio wengi, na msafiri anayelitambua hilo huielewa Norwei zaidi ya yule aliyehesabu maporomoko ya maji peke yake.