Ukinunua kinga, anza na kadre

Mwezi huu tunaongea juu ya baiskeli. Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tunaiita kinga, na wenyeji wetu Wamalawi wanaiita njinga, kwa hiyo hilo ni neno la Chichewa ambalo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Lakini hatutaongea juu ya baiskeli yote. Tutaongea juu ya fremu, ile kadre, mifupa yenyewe. Tairi utabadilisha, cheni utabadilisha, hata ringi. Fremu ikifa, baiskeli imekufa.

Tulijifunza kwa uchungu. Mwaka jana walimu wanne tulichanga pesa miezi mitano, tununue baiskeli moja ya kufuatilia watoto wasiofika darasani na kubeba madaftari. Mmoja wetu alikuwa na shughuli ya karatasi Capital Hill, kule kwenye ofisi za wizara Lilongwe, na kibali cha kutoka kambini alikuwa nacho. Tukampa pesa. Akarudi na baiskeli ya milimani ya mtumba, nyekundu, inang'aa, nyepesi mpaka kila mtu aliinyanyua kwa mkono mmoja akicheka. Chini ya shingo ilikuwa na stika kubwa ya moto. Tuliipenda hiyo stika.

Mwezi wa tatu, kwenye mteremko, tukiwa tumebeba mtoto wa darasa la pili kumrudisha kwao, fremu ilifunguka hapo hapo chini ya stika. Ufa ulikuwepo tangu siku ya kununua. Mtoto alivunjika mkono, akakaa na plasta wiki sita. Mama yake hakutusema hata neno moja, na hiyo ndiyo iliyotuuma zaidi.

Tuliipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Akagonga bomba kwa bisibisi, akasikiliza, akasema, "Walimu, hii si chuma. Hii ni alumini. Mashine yangu itaitoboa tu." Alikuwa na haki. Mashine za vijiti tunazoziona hapa ni za chuma. Alumini inataka mashine nyingine yenye gesi, na fremu nyingi za alumini zikishachomelewa hutakiwa kupashwa moto upya kwa kipimo kwenye tanuri, sababu sehemu iliyopata joto inabaki laini. Hapa Dzaleka tanuri hiyo hatujaiona.

Basi tuanze na swali la wengi: nyepesi ni kiasi gani? Ile baiskeli nyeusi ya zamani, aina ya Humber wanayoipenda wenyeji, ikiwa nzima na keria yake inafika karibu kilo 20. Baiskeli ya milimani yenye springi mbele tu, nyuma hakuna springi, mara nyingi ni kilo 13 hadi 15. Fremu peke yake, ikiwa ya alumini nzuri, ni kama kilo 2 au chini kidogo. Ya chuma kilichochanganywa kromu na molibdeni, wanachokiita kromoli, ni kilo 2 na nusu hivi. Ya chuma cha kawaida inapita kilo 3.

Sasa piga hesabu pamoja nasi. Kati ya alumini na kromoli unaokoa nusu kilo au kilo moja. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Mtu anayebeba nyanya na mkaa, au abiria kama vijana wa kabaza, hiyo kilo moja hataisikia hata siku moja. Lakini mtoto wa sekondari wa miaka 14 anayeendesha peke yake, akifika kwenye mchanga anashuka na kusukuma, huyo ataisikia. Kwa hiyo jiulize kwanza nani atapanda na atabeba nini. Sisi tulinunua baiskeli ya mtoto wa shule tukaipa kazi ya punda.

Na uzito haukai kwenye fremu tu. Springi za bei rahisi za mbele zina kilo 2 na nusu, nyingine hata 3, na zikishika vumbi na maji ya masika zinakwama kabisa. Ukiweka uma mgumu wa chuma unapunguza zaidi ya kilo moja bila kugusa fremu. Hapa kuna jambo moja watu wanakosea: uma mgumu uwe na urefu unaokaribia ule wa springi. Ukiweka mfupi, baiskeli inainama mbele, usukani unakuwa mkali, na kwenye mteremko unaruka kama mbuzi.

Tukumbushane kwamba hawa wazungu wa baiskeli za milimani hawakuanza na vitu vyepesi. Kule California, Marekani, miaka ya 1970, vijana walikuwa wanateremka milima na mabaiskeli mazee mazito ya chuma. Joe Breeze alipotengeneza fremu za kazi hiyo hasa mwaka 1977, alitumia kromoli. Mwenzao Tom Ritchey alifika Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wanavyobeba kahawa, halafu akabuni baiskeli ndefu kwa nyuma ili mzigo ukae. Aliangalia mzigo kwanza. Waliokaa Goma watacheka, sababu chukudu yetu ya mbao imefanya hivyo siku zote na imejengewa mpaka sanamu mjini.

Tuje kwenye kununua. Lilongwe ni kama kilomita 45 kutoka hapa. Kuna nauli, kuna kibali, na kurudisha kitu kibovu ni ndoto. Bei hatuziandiki, maana tangu kwacha iliposhushwa thamani Novemba 2023 bei inabadilika kabla ya jarida kutoka. Unapata nafasi moja ya kuangalia, itumie vizuri.

Beba sumaku. Toa ile ya spika ya redio iliyokufa. Ikishika kwenye bomba ni chuma, isiposhika ni alumini, hata muuzaji aseme nini. Jaribu kwenye bomba lenyewe, usijaribu kwenye boliti. Halafu chukua kitambaa chenye maji ufute fremu yote, na stika omba zitolewe. Muuzaji akikataa kutoa stika, ondoka. Ufa wa alumini huanza kama unywele: chini ya shingo, pale bomba la kiti linapokutana na bomba la juu, na kuzunguka tundu la pedeli. Pitisha ukucha juu ya ushono. Rangi iliyovimba au kukunjamana chini ya shingo maana yake baiskeli iligonga kitu. Kwa fremu ya chuma adui ni kutu ya ndani: chomoa bomba la kiti, chungulia, pindua fremu uone kama unamwagika unga mwekundu. Bomba la kiti likigoma kutoka, usikubali kuambiwa eti fundi atalitoa. Kwenye alumini linaweza kuganda humo moja kwa moja.

Simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja, angalia kama bomba la kiti na shingo viko kwenye mstari mmoja. Halafu vuka fremu, miguu chini. Kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya vidole vinne au zaidi. Fremu zinapimwa kwa inchi kutoka katikati ya ekseli ya pedeli kwenda juu ya bomba la kiti. Mama mfupi au kijana, 15 au 16. Mtu wa wastani, 17 au 18. Warefu wetu wa Burundi, 19 na kuendelea. Usinunue kubwa eti mtoto atakua, atakua na maumivu ya mgongo.

Kisha spea. Hapa gurudumu la inchi 26 bado ni rafiki, tairi na tyubu zake zinaonekana sokoni. La 29 zuri kweli, lakini tairi ikipasuka utaomba jamaa wa Ulaya. Kama fremu inakubali breki za mpira zinazobana ringi, heri hizo kuliko za diski. Tundu la pedeli liwe na nyuzi za kukazia, lisiwe lile la kugongelea, fundi wa chini ya mti hana kifaa chake. Kipande kinachoshika gia ya nyuma, kwa alumini, kiwe cha kufungwa kwa skrubu, kibadilishwe kikipinda. Na angalia vitundu vya kufungia keria karibu na ekseli ya nyuma. Fremu isiyo na vitundu hivyo haikutengenezwa kubeba.

Kama tungenunua leo, tungechukua kromoli ya zamani ya inchi 26 yenye mikwaruzo, uma mgumu, rangi mbaya. Ikipasuka, fundi wetu anaichomelea jioni hiyo hiyo, ingawa huwa tunamwomba aweke na kipande cha kuimarisha, maana ushono mtupu kwenye bomba jembamba haudumu. Msichana mmoja wa sekondari alituuliza kama alumini basi ni mbaya. Hapana. Kwake yeye, mwenye kilo 45 na begi la vitabu tu, alumini nzima isiyo na ufa ni sawa kabisa, mradi hakuna mtu anayekaa nyuma. Wadogo zake wamekasirika na jibu letu.

Sumaku yetu iko darasani, kwenye kopo la chaki. Anayekwenda Lilongwe aje aiazime, aandike jina, airudishe. Ile fremu nyekundu nayo tumeitundika ukutani bila stika, njooni mpitishe ukucha kwenye ufa mjue unavyosikika.