Samurai Hawakungoja Kuche

Swali ni lile lile kila ninapozungumzia vita vya kale: samurai wa Japani na wapanda farasi wenye deraya wa Ulaya walikuwa watu wa heshima, sasa wangeviziaje adui usiku? Wangevizia, na waliviziana sana. Imani hii imetoka kwenye sinema na hadithi za kusifia mabwana, na inakera kwa sababu ushahidi wa kuivunja haujafichika.

Tazama Kyoto, mwaka 1156. Masimulizi ya vita vya Hogen yanasema Minamoto no Tametomo alishauri wavamie usiku ule ule. Mkuu wake, Fujiwara no Yorinaga, akakataa: vita vya wafalme si ugomvi wa vijana. Wapenda heshima hunukuu hapo, wakaishia hapo. Kumbe upande wa pili kaka yake Tametomo, Yoshitomo, alitoa ushauri huo huo, ukakubaliwa. Wakavamia, na kasri likachomwa moto. Yorinaga alikufa kwa jeraha la mshale.

Uskoti nako, Februari 1314, watu wa James Douglas waliiendea ngome ya Roxburgh wakitambaa kwa mikono na magoti, wamejifunika majoho meusi. Walinzi wakadhani ni ng'ombe waliosahaulika nje. Ngazi za kamba zikanasa ukutani, na askari waliokuwa ndani wakisherehekea mkesha wa Kwaresima wakashtukia upanga.

Kilichofanya usiku uogopwe ni kushindwa kumtambua mwenzako. Huko Barnet, Uingereza, mwaka 1471, ukungu wa asubuhi tu ulitosha: watu wa Warwick waliiona nembo ya nyota ya mshirika wao Oxford, wakadhani ni nembo ya jua ya adui yao, Mfalme Edward IV, wakawapiga mishale wenzao. Kelele za usaliti zikaanza, jeshi likavunjika.

Basi aliyeutaka usiku alichukua watu wachache wanaofahamiana, akawapa neno la siri na alama ya kuonekana gizani, akawasha moto apate mwanga, akasogea karibu na alfajiri. Na lengo liwe moja, linalojulikana lilipo. Vlad wa Wallachia alipoivamia kambi ya Sultani Mehmed II usiku wa Juni 1462, inasimuliwa kwamba aliangukia mahema ya mawaziri badala ya hema la Sultani, na Sultani akasalimika.