Mwanachuo ni Mkazi au Mgeni?

Wenye madaftari wafungue ukurasa mpya. Leo nataka kueleza neno moja tu, nalo ni "mkazi". Mwalimu wa kikundi aliandike ubaoni: m-ka-zi.

Mkazi ni mtu akaaye mahali. Neno ni jepesi, lakini watu wamepelekana mahakamani kwa ajili yake. Twendeni Marekani, katika jimbo la Texas, kwenye mji mdogo uitwao Prairie View. Mji huo unaishi kwa chuo, kama mji wa bandari unavyoishi kwa meli. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya vijana weusi, juu ya ardhi ambayo zamani ilikuwa shamba la watumwa. Wilaya yake huitwa Waller, na makao yake makuu ni mji wa Hempstead.

Mwaka 1971 Katiba ya Marekani ilibadilishwa, na kijana wa miaka 18 akapata haki ya kupiga kura kote nchini. Wanachuo wa Prairie View wakaenda kujiandikisha. Kumbe mwandikishaji wa wilaya alikuwa na karatasi ya maswali. Mtu ambaye yeye hamfahamu alipewa aijaze. Je, una mali katika wilaya hii? Je, umeahidiwa kazi hapa? Wazazi wako wanakaa wapi? Hebu fikirini: kijana wa miaka 19, aliyekuja na sanduku moja la nguo, atatoa wapi shamba? Wengi walikataliwa.

Tuwape nafasi na wenyeji, maana katika miji ya vyuo nao wana hoja yao. Husema: vijana hawa ni wapita njia. Watachagua viongozi, watatupandishia kodi, kisha watafunga mizigo na kutuachia deni. Hoja hiyo si ya kipumbavu.

Lakini wanachuo nao hujibu: maji ya hapa ndiyo tunayokunywa, na polisi wa hapa ndio wanaotukamata. Tena, Wamarekani wanapohesabu watu wao, mwanachuo huhesabiwa pale anapokaa kwa masomo, si kwa wazazi wake. Basi mtu yule yule siku ya hesabu ni mkazi, siku ya kura ni mgeni!

Mimi mwenyewe niko upande wa wanachuo, wala sifichi. Nilipokuwa nasomea diploma nilipanga chumba nje ya chuo. Nilitoa mchango wa kuzibua mtaro kama wenzangu wote. Siku ya mkutano wa mtaa nikanyosha mkono kuuliza hesabu ya mchango ule. Nikaambiwa, "Wewe mwanafunzi nyamaza, kesho utaondoka." Mvua iliponyesha mtaro ukafurika. Maji yaliingia chumbani kwangu, na kwa baba mwenye nyumba vile vile.

Turudi Texas. Serikali ya Marekani ilimshtaki yule mwandikishaji. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ilithibitisha hukumu kwamba alivunja Katiba kwa kuwatendea wanachuo tofauti na watu wengine.

Mngedhani maneno yakaisha. La! Mwaka 2003 mwendesha mashtaka wa wilaya aliandika barua kwamba wanachuo hawana haki ya kupiga kura hapo kwa kuwa tu wanasoma hapo, na kwamba wanaweza kushtakiwa. Mwaka 2004 wanachuo walikwenda mahakamani, naye akarudi nyuma. Mwaka 2008 karatasi za kujiandikishia walikuwa nazo, lakini kituo cha kupigia kura mapema kilikuwa Hempstead, kama kilomita 11 kutoka chuoni. Mamia kwa mamia wakatoka kwa miguu, njia nzima, kwenda kupiga kura. Hapo ndipo ninapowaomba msikilize kwa makini: haki ilikuwamo kitabuni, ila sanduku la kura lilikuwa mbali.

Kituo cha kupigia kura kiliwekwa chuoni mwaka 2013. Mwaka 2018 wanachuo walishtaki tena, kwa sababu siku na saa za kupiga kura mapema katika mji wao zilikuwa chache kuliko za miji mingine ya wilaya. Safari hiyo walishindwa; hukumu ilitolewa mwaka 2022.

Kwetu Tanzania, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, mpiga kura ni mkazi wa mtaa mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Basi redio ikizimwa, zungumzeni haya katika kikundi. Je, mtaani kwenu wamo wapangaji, wanafunzi, vibarua wa msimu? Wakinyosha mkono mkutanoni, wanajibiwaje? Na wewe mwenyewe, jina lako limo katika orodha ya wapiga kura wa mtaa unaolala? Kila mmoja aandike sentensi tatu zenye neno "mkazi". Mwalimu atazisahihisha.

Kwaherini mpaka juma lijalo.