Fahamu: Je, ivermectin inapunguza malaria? Ushahidi kutoka Kwale

Mbu akimuuma mtu aliyemeza dawa ya ivermectin, damu anayofyonza humdhuru, na wengi hufa kabla hawajaeneza malaria. Wazo hilo lilipimwa Kwale, Kenya, katika utafiti wa BOHEMIA, ambao matokeo yake yalichapishwa Julai 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Maeneo yaligawanywa kwa kura, ili tofauti itakayoonekana itokane na dawa yenyewe. Upande mmoja ulimeza ivermectin mara moja kwa mwezi kwa miezi 3. Wa pili ulipewa albendazole, dawa ya minyoo. Kisha watoto wa miaka 5 hadi 15 wakapimwa damu.

Upande wa ivermectin, maambukizi yalikuwa chini kwa asilimia 26 kuliko upande wa pili, juu ya kinga ya vyandarua.

Je, yatosha kubadili sera? Utafiti mmoja hautoshi. Nchini Burkina Faso, utafiti wa RIMDAMAL II haukuonyesha punguzo la wazi. Visiwani Bijagós, Guinea-Bissau, vivyo hivyo. Dozi na aina za mbu hutofautiana, hivyo wataalamu huzipima tafiti zote kwa pamoja. Kwa sasa, mtoto wa Kwale mwenye homa apimwe haraka, na kila usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.