Fenobabito, dawa isiyotaka haraka

Huku kwetu, kuanzia Masinya hadi Tororo, wapo watu wenye kovu la moto mkononi kwa sababu kifafa kiliwaangusha kando ya mafiga, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa kwa ajili ya povu. Povu lile ni mate tu. Haliambukizi mtu.

Kifafa chetu kina vyanzo vinavyojulikana: malaria iliyopanda kichwani, uzazi wa shida, na mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo mtu akiyameza, lava wake huweza kukaa ubongoni.

Dawa ya bei nafuu kuliko nyingi ni fenobabito. Kiini chake ni asidi ya babituriki, pete ya atomu 6 iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1864. Kwenye kaboni moja ya pete hiyo imebandikwa fenili pamoja na kijimkia cha ethili. Nduguye babitali ana ethili mbili, akabaki dawa ya usingizi. Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa fenobabito ili walale, akaona kifafa nacho kimepungua.

Ubongo una breki yake, kemikali iitwayo gaba. Hufungua vilango kwenye seli za neva, kloraidi ikaingia, seli ikatulia. Fenobabito huvifanya vilango hivyo vikae wazi muda mrefu zaidi.

Kwa mtu mzima, nusu ya kidonge cha leo huwa bado imo mwilini baada ya siku tatu au nne. Ndiyo maana humezwa mara moja tu kwa siku, usiku, na huchukua wiki mbili tatu kabla kiwango hakijatulia. Wengi hukata tamaa wiki ya kwanza, wanaposinzia na bado wanaanguka. Inaniuma, maana wengine huiacha ghafla, na hapo kifafa hurudi kwa nguvu, mshtuko juu ya mshtuko, hata kuua. Kuiacha ni kwa kupunguza polepole, kwa miezi, mikononi mwa kliniki.

Fenobabito pia huliamsha ini lichome haraka vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU. Mtajie daktari kila unachomeza.

Na wewe unayevuka mpaka kwenda sokoni, ukaishiwa dawa huko: bahasha yako ya dawa imeandikwa "1x1 usiku", lakini kuna vidonge vya miligramu 30, 60, hata 100. Mwombe mfamasia aandike na miligramu.