Mama, Mbona Mwezi Umekatika?

"Mama, mbona mwezi umekatika?"

Swali hili huja jioni, ugali ukiwa motoni na mtoto mchanga analia. Wengi wetu tumelijibu kwa neno moja: "Nyamaza!" Binti akiuliza mara ya pili, tunamtuma maji. Kesho haulizi tena. Miaka inapita, analeta alama mbaya za sayansi na kutuambia kwamba masomo hayo ni ya wavulana. Tunamlaumu mwalimu, tukisahau kwamba mlango tuliufunga sisi wenyewe.

Akina mama wenzetu, ili kumfundisha mtoto habari za anga hatuhitaji darubini wala digrii. Vifaa tunavyo nyumbani.

Darasa la jikoni

Mketishe mtoto mbele ya jiko la mkaa, mbali kidogo. Uso wake unapata joto: huo ni mchana. Mwambie ageuke taratibu mpaka mgongo uelekee jiko. Uso umepoa: huo ni usiku. Jiko halikwenda popote. Ni yeye aliyegeuka. Ndivyo Dunia inavyojizungusha kila siku mbele ya Jua.

Sasa mjibu lile swali lake. Chomeka ndimu kwenye kijiti, uwashe taa moja tu chumbani. Taa ni Jua, ndimu ni Mwezi, na kichwa chake ni Dunia. Anyooshe mkono, ainue ndimu juu kidogo ya kichwa na azunguke polepole. Ndimu ikiwa upande wa taa, ataona giza: ni mwezi mwandamo. Akiipa taa mgongo, ataiona inang'aa yote: ni mwezi mpevu. Kumbe mwezi haukatiki! Nusu yake huangazwa na Jua wakati wote; kinachobadilika ni sehemu tunayoiona sisi.

Kwa umbali, chukua chungwa la sentimita 8 liwe Dunia, na gololi ya sentimita 2 iwe Mwezi. Waache wakisie. Wengi wataviweka karibu karibu. Kisha pima karibu mita 2 na nusu. Kwa kipimo hicho, Jua lina upana wa karibu mita 9, nalo liko karibu kilomita nzima kutoka hapo!

Asiachwe mtoto yeyote

Mtoto asiyeona naye anaweza kujifunza. Joto la jiko analihisi usoni. Chungwa na gololi atazipapasa, na umbali ataupima kwa kamba. Mpe nafasi sawa na ndugu zake. Jambo moja tuwaonye wote: wasilitazame Jua kwa macho matupu, hata siku ya kupatwa kwake, kwa maana macho yataharibika.

Na binti zetu?

Wasimulieni hili. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksrei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru. Aliyesimamia mradi huo huko NASA, Marekani, alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Binti akisikia hayo, hatasema tena kwamba anga ni la wavulana.

Kazi ya mikono ya Mungu

Wako wanaohofu kwamba sayansi itawatoa watoto katika imani. Lakini Daudi alitazama mbingu, akastaajabu, akamsifu Muumba. Katika Ayubu sura ya 38, Mungu mwenyewe anamwuliza Ayubu habari za Kilimia, nyota zile zile ambazo wazee wetu walizitazama ili kujua majira ya kulima.

Leo, baada ya sala ya jioni, tutoke nje na watoto. Tuwaache waulize. Swali likitushinda, tuseme, "Mwanangu, tutalitafuta pamoja." Hilo nalo ni jibu jema.