Je, Unamjua Mfamasia wa Wodini?

Ukimpeleka mgonjwa hospitali unamjua daktari, unamjua na muuguzi. Mfamasia je? Wengi wetu tunamjua yule wa dirishani tu: unampa cheti, anakupa dawa, anakuambia "moja mara tatu", nawe unaondoka. Hata sisi hatukujua zaidi ya hayo, hadi mama mkwe wetu alipolazwa.

Mama alikuwa ameishi na sukari na presha kwa miaka mingi. Safari hii alilazwa kwa nimonia, na sisi wakwe zake wawili tukawa tunapokezana kumpelekea uji. Ndani ya kikapu cha uji, chini ya kitambaa, tulimfichia vidonge vyake vya sukari. Muuguzi hatukumwambia. Tuliona wodini wamezisahau dawa zake, na nyumbani hatukuwahi kumkosesha hata siku moja. Tulidhani tunamsaidia.

Usiku wa tatu akapoteza fahamu. Asubuhi tulimkuta kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Wakamtundikia dripu ya glukosi, sukari ikapanda. Baada ya saa chache ikashuka tena. Ikapandishwa, ikashuka. Tulikaa kwenye benchi nje ya mlango, tukiomba na kulia.

"Nileteeni mfuko wote"

Mchana alitoka binti mmoja mwenye koti jeupe na faili mkononi. Tukadhani ni daktari. Alikuwa mfamasia.

"Shikamooni, mama zangu. Mgonjwa wenu anatumia dawa gani nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Za sukari, na za presha."

"Zinaitwaje?"

Tukatazamana. "Kuna vile vidogo vyeupe, na vile vya boksi la bluu."

Hakutukaripia. Alisema, "Basi nendeni mkaniletee mfuko wote. Msichague. Hata kama kuna mizizi, leteni."

Tulipouleta, aliumwaga juu ya meza akaanza kusoma yale maandishi madogo ambayo sisi hatujawahi kuyasoma. Akatenga maboksi mawili. Majina makubwa yaliyoandikwa mbele yalikuwa tofauti, na rangi tofauti. Lakini chini, kwa herufi ndogo, yote mawili yaliandikwa dawa moja: glibenklamaidi. Boksi la kwanza tulipewa zahanati ya karibu. La pili tulilinunua duka la dawa mjini, tukidhani ni dawa nyingine ya kuongezea. Kumbe kwa wiki kadhaa mama alikuwa akimeza dozi maradufu.

"Na hapa wodini, kuna kidonge alichopewa kutoka nyumbani?"

Tulitamani ardhi itumeze. Mwenzangu ndiye aliyejikaza akasema, "Ndiyo. Tulimpa sisi."

Akatueleza kwa upole. Dawa ile huulazimisha mwili utoe insulini hata kama mtu hajala kitu, na mama siku hizo alikuwa akinywa vijiko vichache tu vya uji. Tena hutolewa mwilini kwa msaada wa figo, na figo za mzee mgonjwa huenda polepole, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida. Ndiyo maana glukosi ilikuwa ikipandisha sukari kwa muda tu. Alirudi ndani akazungumza na daktari. Dripu ikaendelea, kipimo kikawa kila saa, na dawa zake nyingine zote zikapitiwa upya. Kesho yake jioni mama alifumbua macho akauliza nani anawalisha kuku wake.

Kazi isiyoonekana

Tangu siku hiyo tumejifunza mengi kuhusu kazi ya watu hawa. Mgonjwa mahututi huweza kupewa dawa kumi au zaidi kwa siku moja, nyingi zikipitia mshipani, na mwenyewe hawezi kusema "hii inanidhuru". Mfamasia huchukua chati yake na kuuliza maswali ambayo kila moja laweza kuokoa maisha.

Je, dozi inalingana na figo na uzito wake? Jentamaisini, dawa nzuri ya kuua vijidudu, ikizidi huumiza figo na masikio. Kwa mtoto mchanga, nukta ikiandikwa mahali pasipo pake dozi huwa mara kumi.

Je, dawa hizi zapatana? Seftriaksoni haichanganywi na dripu yenye kalsiamu, na kwa mtoto mchanga ni hatari hasa, kwani huweza kuganda kama chembe mwilini mwake.

Je, dawa yafaa kupita kwenye mrija wa kulishia? Kuna vidonge vilivyotengenezwa vitoe dawa kidogo kidogo mchana kutwa. Ukivisaga, dozi nzima huingia kwa mara moja.

Je, imewekwa mahali salama? Kloridi ya potasiamu isiyozimuliwa, ikisukumwa moja kwa moja mshipani, husimamisha moyo. Kwa hiyo haipasi kukaa kwenye rafu moja na dawa za kawaida.

Sisi tuliozaa tunalo la kukumbuka pia. Mama mwenye kifafa cha mimba huokolewa na sindano za magnesiamu salfeti. Lakini dawa hiyo hiyo ikizidi huweza kumzuia asipumue. Anayepewa hupimwa pumzi, mkojo, na jinsi goti linavyoruka likigongwa. Na dawa ya kuizima, kalsiamu glukoneti, yapaswa kuwa karibu. Kuhakikisha kwamba zote mbili zipo usiku wa manane ni kazi ya famasia.

Je, kuwapo kwa mfamasia wodini kunaleta tofauti? Mwaka 1999 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao. Mfamasia mmoja aliwekwa azunguke asubuhi pamoja na madaktari katika wodi ya mahututi. Madhara yaliyoweza kuzuilika, yatokanayo na namna dawa zilivyoandikwa, yalipungua kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulazwa. Alitoa mapendekezo 366, na madaktari wakayakubali 362. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani nalo lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara makubwa ya dawa kwa nusu.

Hapa kwetu vijana wamekuwa wakisomea famasia Muhimbili na Nairobi tangu miaka ya 1970. Hata hivyo katika hospitali nyingi bado ni wachache, na kazi ya stoo na dirishani huwamaliza kabla hawajafika kitandani kwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo, akina mama, yatupasa tuwasaidie.

Tufanye nini?

1. Mgonjwa akilazwa, peleka dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na maboksi yake. Usiache nje dawa za miti shamba wala za kupanga uzazi.

2. Jifunze jina la dawa lililo kwa herufi ndogo, siyo lile la biashara tu. Ukiletewa boksi jipya, linganisha na la zamani kabla ya kumpa mtu.

3. Sema mapema kama kuna dawa iliyowahi kumletea vipele, uvimbe au shida ya kupumua.

4. Usimpe mgonjwa wodini kidonge chochote kwa siri. Ukiona dawa yake imeachwa, uliza. Huenda imesimamishwa kwa makusudi.

5. Siku ya kuruhusiwa, usiondoke kabla hujajua: ipi inaendelea, ipi imekoma, ipi imebadilishwa dozi.

6. Usione haya kusema, "Naomba kuzungumza na mfamasia."

Mama yuko nyumbani sasa. Dawa yake ya sukari imebadilishwa, na orodha tumeibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Ilituchukua wiki mbili kumwambia ukweli kuhusu kile kikapu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi nilivimeza nikijua muuguzi haoni. Tulikosa sote."

Basi, dada, leo kabla hujalala fungua ile droo ya dawa, sogea karibu na taa, usome yale maandishi madogo.